Omena mwishoni mwa msimu: Mwezi, mvua na sheria vinavyoamua kitoweo cha Gatina

Ifikapo mwezi Machi kila mwaka, wavuvi wa omena katika upande wa Kenya wa Ziwa Victoria huingia katika majuma ya mwisho ya msimu wao. Kwa miaka mingi sasa, kanuni za uvuvi nchini zimetenga kipindi cha kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai kuwa muda wa kupumzisha ziwa, ambapo nyavu za omena hazitakiwi kutiwa majini. Kiasi cha omena wakavu kinachopatikana kabla ya tarehe hiyo, na ubora wake, ndivyo vinavyoamua hali ya soko la samaki hao katika miezi minne inayofuata.

Miongoni mwa wanaoyahisi matokeo hayo ni wakazi wa Gatina, mtaa wa Kawangware jijini Nairobi, takriban kilomita 350 kutoka ziwani. Gatina ni wadi katika eneo bunge la Dagoretti Kaskazini, na wengi wa wakazi wake huishi kwa kipato cha vibarua na biashara ndogondogo. Kwao, kama ilivyo kwa wenzao wa Kibera, omena si kitoweo cha kubadilisha ladha tu. Ni miongoni mwa vyakula vichache vya kujenga mwili ambavyo mtu mwenye shilingi chache mfukoni anaweza kuvinunua kwa kipimo cha glasi, akavipika kwa kitunguu na nyanya, na jamaa nzima ikala kwa ugali na sukuma wiki.

Wengi hudhani kwamba omena wanapoadimika au kuharibika sokoni, sababu ni kupungua kwa samaki ziwani. Hata hivyo, mara nyingi samaki huwapo. Kinachokosekana ni usiku wenye giza wa kuwavulia na jua la kuwakaushia, na katika mwezi Machi mambo hayo mawili hukutana na tarehe ya mwisho iliyowekwa na sheria.

Samaki mdogo, mavuno makubwa

Omena, ambao nchini Tanzania huitwa dagaa na nchini Uganda mukene, hujulikana kisayansi kama Rastrineobola argentea. Ni samaki mwembamba mwenye rangi ya fedha, ambaye kwa kawaida hazidi urefu wa kidole. Maisha yake ni mafupi, hukomaa kabla ya kutimiza mwaka mmoja au punde baadaye, na huzaana kwa wingi. Chakula chake kikuu ni wadudu wadogo mno wanaoelea majini.

Mchana omena huteremka kwenye kina kirefu, na usiku hupanda kuelekea juu kufuata chakula. Tabia hiyo ndiyo iliyozaa ufundi wa kuwavua kwa taa.

Baada ya samaki aina ya mbuta, yaani sangara, kuingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, aina nyingi za samaki wa asili zilipungua sana, hasa fulu. Omena walistahimili mabadiliko hayo na hata kuongezeka. Leo samaki wadogo wa aina hii ni zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wote wanaovuliwa katika Ziwa Victoria, ambalo lina ukubwa wa takriban kilomita 68,800 za mraba. Kenya inamiliki asilimia 6 pekee ya ziwa hilo, katika kona yake ya kaskazini mashariki, lakini fuo zake kama vile Usenge, Wichlum, Rusinga, Mfangano, Sori na Muhuru zina shughuli nyingi za omena.

Giza la mwezi

Mvuvi wa omena huondoka ufuoni jioni. Afikapo penye kina, huweka taa juu ya maelea na kuziacha zikielea kwa saa kadhaa. Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Katika miaka ya karibuni wengi wamehamia taa za betri na za nguvu za jua. Mwanga huwavuta wadudu, na omena huwafuata wadudu. Wanapokusanyika, wavuvi huwazingira kwa wavu wenye matundu madogo na kuuvuta mashuani. Kanuni za Kenya zinataka matundu hayo yasipungue milimita 10, ingawa nyavu zenye matundu madogo zaidi zimekuwa zikinaswa mara kwa mara.

Ufundi huu hufaulu tu kukiwa na giza. Mwezi unapokuwa mpevu, nuru yake hutawanyika juu ya maji yote na taa ya mvuvi hupoteza mvuto wake. Kwa sababu hiyo, katika kila mzunguko wa mwezi wa siku 29 na nusu, wavuvi wengi hutia nanga kwa siku zipatazo kumi, wakashona nyavu na kukarabati mashua. Katika usiku unaotangulia mwezi mpevu, giza hupatikana alfajiri baada ya mwezi kutua. Baada ya mwezi mpevu giza hupatikana mwanzoni mwa usiku, kwa kuwa mwezi huchelewa kuchomoza kwa karibu saa moja zaidi kila siku.

Kwa kuwa tarehe ya kufunga msimu hufuata kalenda ya kawaida wala si mwandamo wa mwezi, majuma ya mwisho huwa na bahati tofauti kila mwaka. Mwaka 2024 mwezi mpevu uliangukia 25 Machi. Maana yake ni kwamba siku za mwisho za msimu zilikuwa na mbalamwezi, na giza zuri la mwisho lilikuwa limepatikana katikati ya mwezi huo. Mwaka 2025 hali ilikuwa kinyume. Mwezi mpevu ulikuwa 14 Machi na mwezi mpya ukaingia 29 Machi, kwa hiyo juma zima la kabla ya kufungwa kwa uvuvi lilikuwa na giza. Mfanyabiashara wa jumla anayetaka kujua lini anunue akiba yake hana budi kutazama kalenda mbili kwa pamoja.

Jua badala ya barafu

Jambo la pili ni ukaushaji. Samaki wakubwa kama mbuta huhifadhiwa kwa barafu tangu ufuoni, wakapelekwa viwandani na mijini kwa malori yenye majokofu. Omena ni wadogo mno na bei yao ni ya chini mno kuhimili gharama hiyo. Katika joto la kandokando ya ziwa, omena wabichi huanza kuharibika baada ya saa chache tu. Kwao, jua ndilo barafu.

Mashua hurejea alfajiri. Wanawake wanaonunua samaki ufuoni huwatandaza asubuhi hiyo hiyo juu ya nyavu kuukuu zilizolazwa mchangani, juu ya nyasi au juu ya vichanja. Jua likiwa kali, omena hukauka siku hiyo hiyo na hufungwa kwenye magunia jioni. Huhitajika takriban kilo tatu hadi nne za omena wabichi ili kupata kilo moja ya wakavu.

Mvua za masika huanza mwezi Machi na kufikia kilele mwezi Aprili. Katika pwani ya mashariki ya ziwa, ambayo ndiyo ya Kenya, mvua hizo aghalabu hunyesha alasiri. Upepo wa mchana kutoka ziwani husukuma hewa yenye unyevu kuelekea nchi kavu, ambako hupanda na kufanya mawingu mazito. Hivyo basi, mvua huja wakati ule ule ambapo omena walioanikwa asubuhi wamebakiza saa chache wakauke. Wakiloa wakati huo hulainika, hukatikakatika, hubadilika rangi na kuanza kunuka. Mawingu yakitanda kwa siku mbili mfululizo, fungu zima huota ukungu.

Fungu kama hilo halitupwi lote. Huuzwa kwa bei ya kutupa kwa watengenezaji wa vyakula vya kuku, nguruwe na mbwa. Viwanda vya malisho ni wanunuzi wakubwa wa omena hata katika nyakati za kawaida, na sehemu kubwa ya mavuno ya ziwa huishia huko badala ya kufika mezani. Mwishoni mwa msimu mvua huongeza sehemu hiyo. Mwanamke aliyenunua omena wabichi kwa mkopo akitarajia kuwauza kama chakula cha watu hulazimika kupokea bei ya chakula cha kuku, lakini deni lake hubaki lile lile.

Fuo zenyewe pia zimepungua. Mwezi Mei mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, na sehemu nyingi za kuanikia zikamezwa. Aidha, gugumaji, lililoingia upande wa Kenya karibu na mwaka 1990, husukumwa na upepo kutoka ghuba moja hadi nyingine na huweza kuziba gati kwa siku kadhaa. Mashua iliyozuiwa na gugu hufika nchi kavu jua likiwa limekwisha kupanda, na saa za kukaushia huwa zimepotea.

Hatari ya usiku

Mvua hizo hizo huongeza hatari majini. Usiku upepo hubadilika na kuvuma kutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Pepo za pande zote hukutana juu ya maji yenye joto, na dhoruba za radi huzuka ghafla kati ya usiku wa manane na alfajiri. Huo ndio wakati ambapo mvuvi wa omena yuko mbali na ufuo, taa zake zimetawanyika na mashua yake imejaa samaki na wavu uliolowa maji.

Makadirio yanayotajwa mara kwa mara huweka idadi ya watu wanaokufa maji katika Ziwa Victoria kati ya 3,000 na 5,000 kwa mwaka, kwa nchi zote tatu zinazolimiliki. Wengi huwa hawana jaketi la kuokolea maisha. Mradi wa HIGHWAY, ulioanzishwa mwaka 2017 chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, uliziwezesha idara za hali ya hewa za eneo hili kutoa utabiri mahususi kwa wavuvi, kwa maneno mepesi na katika lugha zinazoeleweka fuoni. Utabiri huo humsaidia mvuvi aliye tayari kubaki nchi kavu. Lakini anayehesabu siku nne au tano zilizobakia kabla ya msimu kufungwa hushawishika kwenda hata anapoona mawingu, na hapo ndipo maisha hupotea.

Sheria na hoja zake

Uvuvi nchini husimamiwa chini ya Sheria ya Usimamizi na Ustawishaji wa Uvuvi ya mwaka 2016. Katika ngazi ya ufuo, wasimamizi ni vikundi vya usimamizi wa fuo, maarufu kama BMU, vilivyopewa kanuni zake mwaka 2007. Maelezo yanayotolewa kuhusu kufungwa kwa msimu ni kwamba omena hupata nafasi ya kuzaana, na kwamba watoto wa mbuta na ngege, ambao hunaswa pamoja na omena kwenye maji ya kina kifupi, hupata muda wa kukua.

Wavuvi wengi hawapingi lengo hilo, bali wana malalamiko mawili. La kwanza ni kwamba miezi minne ni mirefu kwa mtu asiye na shamba wala kazi nyingine. La pili ni kwamba samaki hawajui mipaka. Nyavu za Kenya zikikaa nchi kavu huku zile za majirani zikiendelea kuvua, mvuvi wa Kenya huona kwamba anawatunzia wengine. Mfano wa njia tofauti upo katika Ziwa Tanganyika. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi huko kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa kufuata makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa hilo. Kwa Ziwa Victoria chombo cha kuratibu mambo kama hayo kipo tayari. Ni Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa mwaka 1994 na lenye makao yake Jinja, Uganda.

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi sana katika mjadala huo. Miezi ya Aprili na Mei ndiyo yenye mvua nyingi zaidi, na omena ambao wangevuliwa wakati huo wangeharibika kwa wingi. Katika miezi hiyo, kufunga uvuvi huokoa samaki ambao wasingefika mezani kwa hali yoyote. Juni na Julai ni tofauti kwa kuwa jua hurudi, na ndiyo miezi ambayo mvuvi huiona mirefu zaidi.

Mzigo wa wanawake

Uvuvi wenyewe hufanywa na wanaume, lakini ununuzi, ukaushaji na uuzaji wa omena uko mikononi mwa wanawake. Samaki wanapopungua ufuoni, kila mnunuzi hutaka kuwa wa kwanza kufikia mashua, na ushindani huo umeendeleza desturi inayojulikana kama jaboya, ambapo mvuvi humdai mwanamke ngono ndipo amuuzie samaki. Desturi hiyo imehusishwa kwa miaka mingi na maambukizi ya virusi vya ukimwi katika kaunti za ziwani.

Kumekuwa na juhudi za kuivunja. Katika ufuo wa Nduru, Nyakach, kikundi cha wanawake kilijulikana hata ng'ambo katika muongo wa 2010 kwa kumiliki mashua zao wenyewe na kuajiri wavuvi, ili samaki wawe mali yao tangu majini. Mafuriko ya mwaka 2020 yaliuathiri vibaya ufuo huo. Tukio hilo lilionyesha jinsi hali ya maji inavyoweza kuyarudisha nyuma mafanikio yasiyohusiana na uvuvi pekee.

Kutoka ufuoni hadi Gatina

Magunia ya omena husafirishwa kwa barabara hadi Nairobi, na mengi hupokelewa katika soko la Gikomba. Hapo wauzaji wa rejareja kutoka mitaa mbalimbali hununua kwa gunia au kwa gorogoro, kisha huyapeleka kwa matatu hadi Kawangware, Kibera na kwingineko. Kibandani Gatina omena hupimwa tena kwa mkebe mdogo au glasi. Kila mkono humega faida yake, kwa hiyo bei ya glasi moja hubeba gharama ya mashua, taa, jua lililokosekana, gunia, nauli na kodi ya kibanda.

Bei ikipanda katika kipindi cha kufungwa kwa uvuvi, muuzaji wa Gatina mara nyingi haibadilishi bei ya glasi. Hupunguza kipimo. Mteja hulipa kiasi kile kile na kupata omena wachache zaidi. Pengo lililobaki sokoni hujazwa na omena kutoka Uganda na Tanzania wanaoingia kupitia mipaka ya Busia na Isebania, na kwa samaki wa aina nyingine. Miongoni mwao ni mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kuondoa minofu, ambayo hukaangwa na kuuzwa kando ya njia. Mgongo wazi hushibisha, lakini hauna nyama nyingi.

Hasara ya afya ni rahisi kuielewa. Zaidi ya nusu ya uzito wa omena mkavu ni protini, na kwa kuwa huliwa mzima pamoja na mifupa, humpa mlaji madini ya chokaa, chuma na zinki. Mtoto anayepungukiwa omena kwa miezi minne, katika nyumba isiyomudu nyama wala maziwa kila siku, hupungukiwa na vitu ambavyo sukuma wiki peke yake haiwezi kuvifidia.

Namna ya kuchagua na kuhifadhi

Mnunuzi anaweza kutambua omena waliokaushwa vyema kwa macho na mikono. Omena bora humetameta kama fedha, huwa wazima na hukatika kwa mlio mkavu wanapopindwa. Waliolowa mvua huwa na rangi ya manjano au kahawia, matumbo yaliyopasuka na vipande vingi chini ya gunia. Harufu kali ya uvundo au doa jeupe la ukungu ni ishara ya kutonunua. Chenga zinazosikika mtu anapowasugua viganjani huonyesha kwamba walianikwa juu ya mchanga mtupu.

Omena wakavu kikamilifu huweza kukaa kwa miezi kadhaa mahali pakavu penye hewa. Adui yao katika nyumba za mabati ni unyevu wa msimu wa mvua. Wasifungwe kwenye mfuko wa plastiki wakiwa na unyevu, na inafaa kuwatandaza juani kila jua linapotoka. Kabla ya kupikwa wachambuliwe vichwa, waoshwe kwa maji moto mara mbili au tatu mpaka mchanga utoke, kisha wakaangwe.

Yanayoweza kuokoa msimu

Suluhisho kubwa zaidi si kuvua omena wengi zaidi, bali ni kuwakausha vizuri wale ambao tayari wamevuliwa. Vichanja vilivyoinuliwa juu ya ardhi huharakisha ukaushaji, huwaepusha samaki na mchanga na hurahisisha kuwafunika mvua inapoanza. Vikaushio vya nguvu za jua vyenye paa la plastiki hufanya kazi hata kukiwa na mawingu mepesi, ingawa gharama yake bado ni kikwazo kwa mwanamke anayefanya biashara peke yake. Kukaanga omena au kuwatia chumvi ufuoni ni njia nyingine ya kuwaokoa siku ambazo jua halipo.

Vifaa hivyo vinapokosekana, msimu wa omena hauishi 31 Machi kama kalenda inavyosema. Huisha siku ambayo mvua ya alasiri huanza kunyesha mfululizo. Samaki wanaovuliwa baada ya siku hiyo huhesabiwa kwenye mavuno ya ziwa, lakini wengi wao hawafiki kwenye sufuria ya Gatina.